TAFAKARI YA RAMADHANI, SIKU YA 12: Kilichomo ndani ya kamera



Ndugu zangu wa msikiti wetu, na wote mnaosoma chaneli hii, poleni na swaumu. Leo zamu ya kuandika imenifikia mimi, na mimi si shehe. Ni fundi wa redio, simu na vitu vidogo vidogo vya umeme hapa hapa Segerea. Kwa hiyo msitegemee tafsiri ya aya wala hukumu ya fiqhi, hayo tunao wenyewe wa kutufundisha. Mimi nawaletea swali moja la kibandani, ambalo limenisumbua kwa miezi, na naomba ulibebe mpaka Magharibi.

Swali lenyewe ni hili:

*Ukikifanya kitu kiwe bora kuliko kilivyokuwa, unadaiwa kumwambia anayekinunua?*

Usijibu haraka. Kama umekiharibu, hapo hakuna mjadala, unadaiwa. Lakini kama umekitengeneza, kimekuwa kizuri zaidi, mteja anapata faida, sasa umwambie nini? Mimi nilikuwa nasema hudaiwi kitu. Hebu nikueleze ilivyokuwa.

Wale wenye umri wangu mnazikumbuka kamera za Polaroid. Ile unabonyeza, picha inatoka yenyewe mbele, nyeupe, halafu taratibu sura inajitokeza mkononi mwako. Aliyeigundua ni Mmarekani, Edwin Land. Inasimuliwa kwamba mwaka 1943 binti yake mdogo alimuuliza kwa nini hawezi kuiona picha saa ile ile aliyopigwa. Swali la mtoto tu. Miaka mitano baadaye, mwaka 1948, kamera ya kwanza ya picha za papo hapo iliuzwa dukani kule Boston. Baadaye zikasambaa dunia nzima, na huku kwetu wapiga picha wa pasipoti walikuwa nazo, unakaa kwenye kigoda, unasubiri kidogo, unaondoka na picha zako.

(Khilafu ya masheikh kuhusu picha siingii. Hiyo waulize wenyewe baada ya darsa.)

Kamera hizi zikafa. Mwaka 2008 kampuni ilitangaza inaacha kutengeneza filamu, na kamera bila filamu ni kopo. Watu wachache wakakichukua kiwanda cha mwisho kule Enschede, Uholanzi, wakahangaika kuitengeneza upya, na mwaka 2010 filamu ikarudi sokoni. Ndiyo maana leo ukikutana na kamera ya zamani kwenye mitumba pale Karume, bado ina maana.

Sasa sikiliza jambo la kifundi kidogo, ndilo lililonileta hapa. Zile kamera za miaka ya themanini, zinazotumia filamu inayoitwa 600, zenyewe hazina betri. Betri imo ndani ya pakiti ya filamu. Ni bapa kama kadi, ya volti 6. Ukiweka pakiti mpya, kamera inapata uhai. Picha zikiisha, unatupa pakiti pamoja na betri yake. Zamani pakiti ilikuwa na picha 10, siku hizi 8. Na mara nyingi ile betri inatupwa ikiwa bado ina nguvu. Mimi nimewahi kuipima, bado inasukuma. Kitu kizima, kinakwenda jalalani Pugu Kinyamwezi.

Mwaka 2017 wakatoa filamu nyingine, umbo lile lile ila haina betri ndani, kwa sababu kamera mpya zina betri yao ya kuchaji. Hiyo filamu ni nafuu kuliko ile yenye betri. Ila ukiiweka kwenye kamera ya zamani, hola, hakuna umeme. Ndipo mafundi sehemu mbalimbali duniani wakaanza kuzifungua kamera za zamani na kuzitia betri za kuchaji. Mimi nilimwona mmoja kwenye video, nikasema hili naliweza.

Kazi yenyewe inahitaji utulivu. Unatakiwa upate volti 6. Betri ndogo za kuchaji zile za kawaida kila moja ni volti 1.2, ukiunga tano mfululizo unapata 6 kamili, lakini zinakula nafasi. Za lithiamu ni volti 3.7, unaunga mbili zinakuwa 7.4, unaweka kisakiti cha kuzishusha. Na lazima kisakiti kiwe na nguvu, kwa sababu mota inapotoa picha inavuta umeme mwingi kwa mpigo. Ukiweka dhaifu, picha inakwama katikati. Nikajaribu, nikaunguza moja, ya pili ikakubali. Nilipobonyeza na kusikia ule mlio wa mota, wallahi nilitabasamu peke yangu kibandani.

Nikawa nazinunua mbovu, nazifufua, nauza. Na ninafsi yangu ilikuwa inaniambia unafanya jambo jema. Tumekatazwa israfu, na wewe unaokoa kitu kisitupwe. Unampa mtu kitu chenye manufaa. Ni rizki halali, tena yenye shukrani ndani yake.

Ndugu yangu, hapo ndipo naomba uangalie vizuri. Ile hisia kwamba ninafanya jema ndiyo iliyonifumba macho. Mtu anayejua anatenda baya anajilinda kidogo, ana aibu. Anayejiona anatenda jema hajikagui. Anajisamehe mapema.

Kwa sababu betri nilizokuwa naweka zilikuwa za lithiamu, nilizozitoa kwenye laptopu zilizokufa. Laptopu ikifa, si betri zote ndani yake zinakufa, nyingine zinafaa. Nilikuwa nazipima, zinazokubali natumia. Ni za bei rahisi. Lakini ni kuukuu, na betri kuukuu ya lithiamu si kitu cha kuchezea. Inaweza kuvimba. Ikichajiwa vibaya inaweza kupata moto mkali hadi kuwaka.

Mteja wa kwanza alikuwa kijana anayepiga picha kwenye harusi na kitchen party. Nilimwambia, "Hii inachaji, hununui betri tena." Akafurahi, akaniombea dua. Sikumwambia nini kinachochajiwa mle ndani.

Mteja wa pili alikuwa mtu mzima, mstaarabu, anapenda vitu vya kale. Ana redio za zamani, saa za ukutani za zamani. Akaigeuza kamera huku na huku, akaniuliza:

"Fundi, hii ni orijino?"

Nikamjibu, "Kaka, hii ya zamani kabisa. Jionee mwenyewe."

Angalia hilo jibu. Kuna uongo pale? Hakuna. Kamera ilikuwa ya zamani kabisa, na alikuwa huru kujionea. Kila neno kweli. Lakini nililipanga vile makusudi ili asikie "ndiyo" bila mimi kutamka "ndiyo." Tundu la chaja nilikuwa nimelificha chini ya mkanda, kazi safi, usingeliona. Alitaka kuipanga kabatini tu, hakuuliza habari ya chaji, na mimi sikumwambia. Nilijua nikimwambia atajua nimeifungua, na akijua bei itashuka. Akanilipa 180,000.

Nilikwenda nyumbani nimeridhika. Nikakaa hivyo wiki, nikakaa hivyo mwezi.

Mpaka siku moja kwenye darsa tukasomewa kisa mnachokijua wote, cha Mtume wetu (s.a.w.) alipopita sokoni akakuta rundo la chakula, akatia mkono wake ndani, vidole vikatoka na unyevu. Akamuuliza mwenye mali. Yule bwana akasema mvua imekinyeshea. Mtume akamuuliza kwa nini basi hakukiweka kilicholowa juu ili watu wakione, kisha akaonya kwamba mwenye kughushi hayuko pamoja naye.

Kisa hiki nimekisikia tangu madrasa. Siku ile nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia. Yule bwana hakumwagia nafaka maji. Mvua ndiyo iliyoilowesha. Kama suala lingekuwa nani kasababisha, yeye hana kosa, alikuwa na udhuru kamili. Na udhuru wake haukukataliwa. Alichoulizwa ni kingine kabisa: kwa nini unyevu uko chini na ukavu uko juu. Yaani lawama haikuwa kwenye hali ya chakula, ilikuwa kwenye mpangilio wake, mnunuzi aone nini na asione nini.

Mimi utetezi wangu wote ulikuwa juu ya hali ya kamera. "Nimeiboresha." "Inafanya kazi." "Ni nzuri kuliko ilivyokuwa." Yote kweli, na hakuna hata moja lililojibu swali: kwa nini tundu la chaja liko chini ya mkanda?

Basi nikaanza kujihoji upya. Nimesema imekuwa bora. Bora kwa nani? Kwa yule kijana wa harusi, ndiyo, anataka picha zitoke. Kwa yule mpenda vitu vya kale, bora maana yake ni kitu kisichoguswa. Mimi niliamua kwa niaba yake kipi ni bora, kwa fedha zake, bila yeye kujua kwamba kuna uamuzi umefanyika. Nani alinipa hiyo haki? Kwake yeye nilichofanya kilikuwa aibu ya bidhaa, na masheikh wanatufundisha kwamba mnunuzi akigundua aibu iliyokuwepo kabla hajanunua, ana khiyari ya kurudisha. Mimi nilimnyima khiyari yake kwa kumnyima habari.

Na kuna jambo la pili, zito zaidi. Hata kitu kilichoboreshwa kweli kweli kina masharti yake. Yule mzee siku moja akiamua kuitumia, akanunua ile filamu yenye betri yake, betri mbili zinakutana mahali palipotengenezwa kwa moja. Akiiacha kabatini miaka, ile ya lithiamu inaweza kuvimba humo humo. *Mtu hawezi kukitunza kitu asichojua kwamba anacho.* Kwa hiyo kuficha uzuri nako ni kumwachia mtu mzigo ambao hajui ameubeba.

Utaniuliza, fundi, sasa tuseme kila kitu? Mama muuza vitumbua ataje na gunia la unga? Hapana, dini yetu haina uzito huo. Mimi nimejiwekea vipimo viwili, na ninakugawia.

*Cha kwanza:* huyu mtu akijua, je, kuna kitu atabadilisha? Atakataa, atapunguza bei, atakitumia kwa namna nyingine? Kama ndiyo, ni haki yake kujua.

*Cha pili:* mimi sisemi kwa sababu gani? Kama sababu ni kwamba halina maana, sawa. Kama sababu ni kwamba nikisema nitakosa, basi nafsi yangu yenyewe imeshatoa ushahidi kwamba lina maana.

Wewe unayeuza mchele, ukichanganya wa Kyela na ule mwingine, gunia linasema nini na kilo inasema nini? Wewe mwenye nyumba, ile rangi mpya ukutani, uliipaka kwa ajili ya mpangaji au kwa ajili ya kufunika unyevu mpaka asaini? Wewe unayeposa, kuna jambo ambalo wakwe wakilijua leo wataomba muda wa kufikiri? Sikuhukumu. Nauliza kama ninavyojiuliza.

Kuna habari moja kuhusu kamera hizi hizi. Mwaka 1970, wafanyakazi wawili Waafrika-Marekani wa kampuni ya Polaroid, Caroline Hunter na Ken Williams, waligundua kwamba vifaa vya kampuni yao vinatumika Afrika Kusini kupiga picha za vile vitambulisho ambavyo Mwafrika alilazimishwa kutembea navyo kwenye nchi yake mwenyewe. Hapa Dar wakati ule ndiyo yalikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU, wazee wetu wanakumbuka. Wale wawili wakapaza sauti, na Hunter akafukuzwa kazi. Kampuni ikasema serikali ile haitauziwa tena. Lakini mwaka 1977 ikafichuka kwamba wakala wake kule alikuwa anaendelea kuiuzia kwa siri, ndipo kampuni ikavunja naye mkataba. Ona: wakala angeweza kusema anauza filamu tu, na filamu ni kitu kizuri. Lakini kama ni biashara nzuri, siri ya nini? Ile siri yenyewe ndiyo ilikuwa jibu.

Sasa twende kwenye mwezi wetu.

Najua mlitegemea niseme Ramadhani ni chaja ya imani, maana fundi wa betri ataongea nini kingine. Limeshasemwa sana. Mimi nimeona jambo jingine kwenye swaumu.

Sala tunaonekana. Zaka anayepokea anajua. Hija tunapokelewa uwanja wa ndege. Swaumu haionekani. Saa nane mchana, jua la Dar, nimejifungia kibandani, ndoo ya maji iko pale. Nikinywa mafunda mawili nikafuta mdomo, hakuna mtu Segerea nzima atakayejua. Nitakaa futarini na nyinyi, nitashika tende, mtaniambia "Allah akutakabalie." Na bado sinywi. Wewe pia hunywi. Siku 30 tunajizoesha jambo moja: ndani kuwe kama nje, hata pasipo na shahidi wa kibinadamu.

Nikajiuliza, mimi huyu huyu ninayeogopa kumeza tone la maji wakati wa kutawadha, mkono huu huu unafunga skrubu za kamera juu ya kitu nisichotaka kionekane? Swaumu yangu inaishia kooni? Haifiki mezani kwenye bisibisi?

Basi usiku wa kuamkia Ramadhani ya tano, baada ya tarawehe, nikapiga simu mbili. Nilianza na kijana wa harusi. Nikamwambia ukweli wote, betri ni za laptopu, ni kuukuu, nilipaswa kukueleza. Akanyamaza kidogo, akasema:

"Fundi, mimi huwa naichaji usiku. Naiweka kitandani, pale wanapolala wadogo zangu, maana soketi iko upande ule."

Nilikosa la kusema. Miezi minne, watoto wamelala kando ya kitu nilichokijua mimi, na wao hawakijui. Allah amewahifadhi, si ujanja wangu. Nikamwambia aitoe kitandani saa ile ile na asiichaji tena. Kesho yake akaileta, nikatoa zile, nikamwekea tano mpya za kawaida kwa gharama yangu, zikakaa kwa taabu, mgongo wa kamera umetuna kidogo. Nikamwambia na mipaka yake.

Yule mzee wa vitu vya kale hakucheka. Alinisikiliza mpaka mwisho akasema, "Nilikuuliza, fundi." Maneno mawili tu. Kisha akasema anarudisha. Ana haki yake. Shida ni kwamba 180,000 yake sikuwa nayo yote, mkononi nilikuwa na 110,000. Nimempa hizo, 70,000 nimemwahidi kabla ya Idi. Mke wangu anajua kwamba nguo za watoto mwaka huu zitasubiri. Alinuna siku moja, halafu akaniambia, "Afadhali hivyo, baba, kuliko wavae za huyo mzee."

Sijui kama yule mzee atarudi kibandani kwangu. Nimemwomba msamaha, hajasema amesamehe wala hajakataa. Haki ya mja iko mikononi mwa mja, hata kwenye hili kumi la maghfira tunaloliingia. Allah anaweza kunisamehe yaliyo baina yangu na Yeye, lakini la yule bwana lina mlango wake.

Kamera yenyewe ipo, nimeiweka juu ya kaunta. Nimebandika karatasi: *Imefunguliwa. Ina betri isiyo ya asili. Uliza fundi.* Wiki nzima watu wanaisoma, wanaiweka chini, wanaondoka. Ningesema inauzwa haraka zaidi ningewadanganya, na leo si siku yake.

Naomba mchana huu uchague kitu kimoja tu. Kimoja. Unachouza, unachokodisha, unachoahidi, kazi unayokabidhi. Tia mkono wako mpaka chini kabla mwingine hajatia wake. Ukikuta unyevu, uweke juu.

Ewe Mola wetu, tupe ndani inayofanana na nje, na utuwezeshe kurudisha haki za watu kabla ya siku ambayo hakuna dinari wala dirhamu. Utukubalie swaumu zetu, uwarehemu wazee wetu waliotangulia. Aamin.

Kesho baada ya Alfajiri ataandika mwingine, inshaAllah. Ukiona ina faida, mfikishie na mwenzako.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.